Wembe Usiokata

Duka lile la kinyozi lina viti viwili tu. Kiti cha kwanza kiko dirishani, penye mwanga, na ngozi yake imepasuka pale wateja wanapoegemeza kichwa. Cha pili kiko ndani zaidi, karibu na pazia la stoo, chini ya taa inayowaka inapopenda yenyewe. Kwa miaka mingi kiti cha kwanza kilikuwa cha baba na cha pili kilikuwa cha mwanawe. Wateja waliwaita Mkubwa na Mdogo. Huyo Mdogo alikuwa na mke, watoto waliokaribia kumpita kimo, na mvi zilizokwisha kumzunguka masikio, lakini mtu akiingia dukani alisema vilevile: "Mkubwa yupo? Basi nitangoja."

Duka lilikuwa na sheria ambayo Mkubwa aliirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi: mdogo huandaa, mkubwa hunyoa. Mdogo ndiye aliyepachika wembe kwenye kishikio cha babake, kile cha kukunja chenye mpini mweusi. Mdogo ndiye aliyekoroga sabuni kikombeni na kumpaka mteja povu. Uso ukishakuwa mweupe hadi chini ya macho, Mkubwa aliinuka kwenye benchi, akajinyoosha mgongo, akauchukua wembe kwenye sinia na kuanza kazi. Mkubwa hakugusa brashi. Mdogo aliwanyoa wasioweza kungoja kwenye kiti cha ndani; kwenye cha kwanza alipaka povu na kufuta vumbi tu.

Mkubwa alikuwa fundi hodari na mtu wa kanisa, na alikuwa mkali. Zamani, Mdogo akiwa kijana anayeanza kazi, alimnong'oneza babake kwamba sharubu za mteja zimekuwa fupi upande mmoja. Na kweli zilikuwa fupi. Mkubwa alimtoa dukani mbele ya watu wote, akamwambia arudi atakapokumbuka nani ni baba na nani ni mtoto. Kesho yake alirudi, akaomba radhi, na tangu siku hiyo hakumtajia tena babake kosa lolote la kazi. Watu waliona adabu njema. Mama yake, ambaye wakati huo alikuwa hai, alisema tu kwamba nyumba ikiwa kimya si lazima iwe ina amani.

Kisha mkono wa kulia wa Mkubwa ukaanza kutetemeka. Ulianza kidogo, kama kikombe juu ya kisahani mtu anapokibeba akitembea. Macho nayo yalikuwa yameingia ukungu. Mkubwa aliacha kujinyoa mwenyewe nyumbani, na ndevu nyeupe zikamfunika kidevu. Waliomuuliza aliwajibu, "Hamjui kinyozi hajinyoi?" Walicheka, na yeye akacheka nao.

Siku moja alimkata Besi shavuni. Besi ni fundi mwashi, na jina hilo alilipata kwenye kwaya, kwa sababu akiimba vioo vya madirisha ya kanisa huitikia. Alitoka dukani na kipande cha karatasi kimeganda usoni, akasema si neno, sauti haitoki shavuni. Siku chache baadaye mwalimu mmoja mstaafu alikatwa chini ya sikio. Wateja kwenye benchi wakaanza kukumbuka shughuli zao za nyumbani. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumhama mzee waliyesali naye tangu utoto wao.

Mdogo alijua la kusema. Alilisema njiani akienda dukani, akalisema tena akirudi. "Baba, mkono umechoka, sasa pumzika." Akifika mbele ya babake, alikoroga sabuni.

Ndipo alipopata wazo lake. Aliuchukua wembe mpya, akaenda nyuma ya duka, akausugua kwenye ngazi ya saruji mpaka makali yakaisha na ukawa kama ukingo wa kijiko. Akaupachika kwenye kishikio cha babake. Kisha akawafuata wateja wa kiti cha kwanza, mmoja mmoja.

"Asubuhi mpitie kwangu, niwanyoe uani," aliwaambia. "Baadaye mje dukani kama kawaida. Nitawapaka povu, Mzee atalifuta kwa wembe. Ngozi yenu itakuwa salama, na yeye atakuwa na kazi yake."

"Yaani ninyolewe mara mbili?" Besi aliuliza.

"Mara moja na nusu."

"Mke wangu atasema nina mwanamke wa nje. Hakuna mwanamume anayejisafisha hivi bila sababu."

Kulikuwa na shida moja zaidi. Wembe ukikata ndevu husikika, una sauti yake ya kukwaruza, na masikio ya Mkubwa yalikuwa bado mazima. Kwa hiyo Mdogo alileta redio dukani, akaiweka juu ya rafu karibu na kiti cha kwanza. Alimwambia babake ni kwa ajili ya taarifa ya habari.

Mke wa Mdogo aliamka asubuhi akakuta wanaume wamejipanga uani, kila mmoja na taulo begani. "Baba watoto, kuna msiba hapa kwetu ambao mimi sijaambiwa?"

Mdogo alimweleza huku akimnyoa mwalimu mstaafu. Yeye mwenyewe alikuwa anafundisha watoto shule ya Jumapili, na hakukosa mfano. "Unawakumbuka wana wa Nuhu. Baba yao alilala uchi, wao wakatembea kinyumenyume na nguo mabegani, wakamfunika bila kumtazama. Ndicho ninachofanya. Namfunika baba."

Mke wake alikuwa anamimina chai. Alimaliza kwanza kikombe kile. "Wale walimfunika," alisema. "Hawakumwambia kwamba amevaa."

Wanaume wakacheka. Mdogo alicheka pia, ila kicheko chake hakikufika mbali.

Mpango ulifanya kazi, na ulifanya kazi vizuri kupita kiasi. Hakuna aliyetoka damu tena. Mkubwa alifuta povu kwenye nyuso zilizokwisha kunyolewa, akapapasa shavu laini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alianza kufika dukani mapema. Alianza kuimba tenzi za kanisani juu ya sauti ya redio. Mgongo wake, uliokuwa umeanza kupinda, ukanyooka. Mdogo alipomwona hivyo alijiambia kwamba ameifuata ile amri ya tano, ya kuwaheshimu baba na mama, kuliko watu wengi wanaoihubiri.

Kisha ikafika Jumapili ya ushuhuda. Mchungaji aliuliza kama kuna mtu ana neno la shukrani, na Mkubwa akainuka. Haikuwa kawaida yake. Aliunyanyua mkono wa kulia mbele ya kanisa zima.

"Mkono huu ulikuwa mgonjwa," alisema. "Wengine mnajua, niliwatoa damu. Niliomba, nikasema, Bwana, kazi hii ndiyo niliyowalelea watoto, usininyang'anye kwa aibu. Tangu hapo sijamkata mtu hata mmoja. Bado unatetemeka kidogo, mnaona, lakini ukishika wembe unatulia. Msaidieni mzee kushukuru."

Kanisa likapiga makofi. Kwenye safu ya nyuma ya kwaya, wanaume kadhaa wenye mashavu laini waliinamia viatu vyao kana kwamba wamevivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Wimbo ulipoanza, vioo vya madirisha havikuitikia. Besi alikuwa amefumba mdomo.

Tangu siku hiyo Mdogo hakupata usingizi mzuri. Mwanzoni ukweli ungemwondoa babake kwenye kiti tu. Sasa ungemwondolea na ushuhuda wake, mbele ya watu aliosali nao maisha yake yote. Angekuwa mzee aliyemshukuru Mungu kwa hila za mwanawe. Mdogo aliiogopa siku hiyo kuliko kitu chochote. Kila Jumamosi alikaa kuandaa somo la watoto, na kila lilipotajwa neno baba au mama alifungua ukurasa mwingine.

"Utamwambia lini?" mke wake alimuuliza.

"Nikipata nafasi."

"Unamwona kila siku kutwa nzima, mko wawili kwenye chumba kimoja. Unataka nafasi ya ukubwa gani?"

Nafasi ilipokuja haikumngoja. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mdogo alikuwa ametoka kwenda kuanua taulo kwenye kamba, uani kwake. Dukani alibaki Mkubwa, na kwenye benchi alikuwepo Besi, amekwisha kunyolewa tangu asubuhi, anangoja povu lake. Akaingia dereva wa lori, mtu mgeni, ambaye gurudumu lake lilikuwa linazibwa ng'ambo ya barabara. Ndevu zake zilikuwa nyingi na zimejaa vumbi la safari.

"Shikamoo, mzee. Mnanyoa?"

"Marahaba, mwanangu. Tunanyoa. Kaa hapa."

Besi alisimama haraka. "Mzee, tumngoje Mdogo apake povu. Si ndiyo sheria?"

"Mgeni ana safari," alisema Mkubwa. "Povu nitapaka mwenyewe, sitakufa." Alimfunga dereva kitambaa shingoni, akakoroga sabuni, akampaka. Vidole vyake vilipoingia kwenye zile ndevu alisita kidogo. Zilikuwa ngumu, zilichoma. Alikuwa amesahau kwamba ndevu za mtu huchoma. Kisha akauchukua wembe.

Alivuta mara ya kwanza. Povu likatoka. Ndevu zikabaki.

Alivuta tena, safari hii kwa nguvu. Dereva alikunja uso. "Mzee, samahani. Wembe wako haukati."

"Subiri."

"Nasubiri. Lakini mpaka sasa umenipaka sabuni na kuniosha uso tu. Nashukuru, nilikuwa na vumbi. Ndevu ziko palepale."

Mkubwa aliupitisha wembe polepole juu ya kidole gumba chake. Fundi haulizi mtu habari za makali. Aliuona ukingo ule wa kijiko kwa kidole, akajua kwamba hakuna wembe unaozeeka namna hiyo. Huo ulikuwa umeuawa. Alinyoosha mkono, akaizima redio.

"Besi, njoo hapa."

Besi alisogea. Mkubwa alimshika shavu, shavu kavu lisilo na povu, akalipapasa kutoka sikioni hadi kidevuni. Lilikuwa laini kama kiganja.

"Nani amekunyoa?"

Sauti inayotikisa madirisha ilitoka nyembamba kama uzi. "Mdogo, Mzee. Sisi sote. Asubuhi, kwake uani."

Mkubwa alimwachia shavu. Aliufunga wembe, akauweka sawasawa juu ya sinia. Akamfungua dereva kitambaa, akakikung'uta ingawa hakikuwa na unywele wowote, akakitundika mgongoni mwa kiti. "Mwanangu, hamia kwenye kile kiti cha ndani," alimwambia dereva. "Kijana wangu anakuja sasa hivi. Yeye atakunyoa vizuri." Akachukua kofia yake na kutoka.

Mdogo aliporudi na taulo mabegani, alikuta redio imezimwa. Hakuhitaji kuelezwa, lakini Besi alimweleza. Alitupa taulo kwenye benchi akageuka kwenda mlangoni.

"Kaka," dereva aliita, "mzee amesema utaninyoa vizuri."

Mdogo alisimama. Miguu ilitaka kukimbia. Lakini hilo ndilo neno la mwisho babake alilosema dukani, na alirudi akalitii. Alipachika wembe mpya, akapaka povu jipya, akamnyoa yule mgeni kwa utulivu kuliko alivyowahi kumnyoa mtu. Kisha akafunga duka.

Babake alikuwa amekaa kibarazani kwake, kofia magotini, anautazama mkono wake wa kulia.

"Umemnyoa yule dereva?"

"Nimemnyoa, baba."

"Hukumkata?"

"Hapana."

"Vizuri. Kaa."

Mdogo hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye saruji, kama alivyokuwa akikaa utotoni. Alieleza kila kitu tangu ile ngazi ya nyuma ya duka hadi redio. Alipomaliza alisema, "Nisamehe, baba. Nilitaka kukuheshimu."

"Umeniheshimu hadi umenisimamisha kanisani niseme uongo."

Mdogo aliinamisha kichwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilikuogopa wewe, baba. Nina mvi, nina watoto wakubwa, na bado nakuogopa."

Mzee aliigeuza kofia magotini. Mtaani mtu alikuwa anapigilia misumari, akaacha, akaanza tena. Mzee alipozungumza, sauti yake haikuwa ile ya dukani.

"Zile sharubu," alisema. "Zilikuwa fupi upande mmoja."

Mdogo aliinua uso. Hakudhani kama babake anazikumbuka.

"Niliziona ulipokwisha kutoka. Yule mteja alicheka tu, akaniambia nipunguze upande wa pili. Wewe nilikuwa nimeshakufukuza. Ulipokuja kesho yake kuomba radhi, nikaipokea radhi yako. Ilikuwa yangu mimi kuomba, nikaipokea yako." Alijifuta uso kwa kofia. "Tangu siku hiyo hukuniambia kosa lolote. Nikafikiri sikosei tena. Na mwaka huu damu ilipokoma, nikafikiri nimepona. Ni mimi yuleyule, mwanangu. Nilifunga mdomo wa mtu pekee ambaye angeniambia."

"Mimi ndiye niliyekudanganya, baba. Usijibebeshe."

"Tutabeba wote, mzigo wenyewe si mdogo." Kisha akatabasamu kidogo, akajipapasa kidevu. "Na mimi pia sikuwa mjinga kabisa. Kama niliamini mkono umepona, mbona hizi sijazinyoa? Kila asubuhi nilishika wembe wangu wa nyumbani, nikaurudisha. Moyo ulikuwa unajua. Kesho, kabla ya ibada, fungua duka mapema."

Asubuhi ile ya Jumapili mzee alikalia kiti cha kwanza, safari hii uso ukielekea kioo. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa hapo kwa kunyolewa. Mdogo alimpaka povu, akachukua wembe mkali, akausogeza kwenye shingo ya mtu aliyemfundisha kazi. Mkono wake ukatetemeka.

Mkubwa aliuona kwenye kioo. "Sasa mgonjwa ni nani?"

"Nisamehe, baba."

"Vuta pumzi. Hiyo ni ngozi kama ngozi nyingine, ila imekunjamana. Ivute kwa kidole. Haya."

Bila redio, sauti ya wembe ilisikika vizuri, ile ya kukwaruza, hadi kidevu chote kikawa wazi. Mzee alijipapasa. Upande wa kushoto alirudia mara mbili.

"Hapa umeacha," alisema.

"Wapi?"

"Hapa, chini ya taya."

Mdogo aliinama akaangalia kwa makini. "Hapana, baba," alisema. "Hilo ni kovu. Hapo hapaoti ndevu."

Mzee alipapasa tena. "Kweli," alisema. "Ni kovu."

Kanisani mchungaji alipofika wakati wa shukrani, Mkubwa aliinuka tena. Mdogo alishika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Nilisema hapa kwamba mkono wangu umepona," mzee alianza. "Haukupona. Kuna watu walikuwa wananyolewa uani kwa mwanangu, kisha wanakuja nifute sabuni. Siwataji, ila leo nadhani wataimba kwa sauti." Kicheko kilianzia kwenye kwaya, kikaenea. Alingoja kitulie. "Wamenikosea, na wamenipenda, yote kwa pamoja. Simrudii Mungu kumnyang'anya shukrani niliyompa. Naibadilishia sababu tu. Niliomba asininyang'anye kazi yangu kwa aibu. Amenipa mwana aliyeogopa aibu yangu kuliko yake."

Aliwageukia waliokaa upande wa wazee. "Tunapenda ile amri inayowaambia watoto watuheshimu. Tunaijua kwa moyo. Lile neno la mtume linalotuambia sisi akina baba tusiwachokoze, hilo tunaliruka. Mtoto akifikia kukuogopa mpaka akudanganye kwa ajili ya kukupendeza, usimtazame yeye peke yake. Mimi nimeanza kujitazama jana, na ninyi mnaona nilivyochelewa." Akakaa. Mke wa Mdogo, aliyekuwa nyuma yake, alimwekea mkono begani, na mzee akaushika kwa mkono ule unaotetemeka.

Siku iliyofuata Mkubwa alifika dukani kabla ya mwanawe. Mdogo alikuta zana zake zimehamishiwa kwenye rafu ya dirishani, na kishikio chenye mpini mweusi kikiwa katikati yake.

"Baba, hiki ni kiti chako."

"Kilikuwa. Macho yangu hayahitaji mwanga tena, yako yanahitaji. Kaa karibu na dirisha uone unachokata."

"Na wewe?"

Mkubwa alikuwa tayari ameshika kikombe cha sabuni na brashi.

"Baba, povu ni kazi ya mdogo."

"Sheria hiyo niliileta mimi dukani, na mimi naiondoa. Brashi haimkati mtu." Alitumbukiza brashi kikombeni, na mkono ukafanya ulichokuwa ukifanya bila kuombwa. Povu likapanda zito, jeupe, likafika ukingoni kabla mtu hajahesabu hadi kumi. Mzee aliliangalia kwa mshangao, kisha akaanza kucheka, cheko lile la chini linalotikisa mabega.

"Tazama," alisema. "Linajipiga lenyewe."

Besi aliingia, uso wake safari hii ukiwa na ndevu za kweli. Alisimama katikati ya viti viwili, hajui aelekee wapi.

"Kaa dirishani," Mkubwa alimwambia, brashi mkononi. "Leo unanyolewa mara moja."